Egg, The Polite Force: upande wa pili mnausikilizaje?

kinanda_dom
Wakuu habari zenu, nipo Dodoma mjini napiga kinanda kwaya ya kanisani. Kuna bendi ya Uingereza inaitwa Egg, watu watatu tu, kinanda besi na dramu, gitaa hamna kabisa. Albamu yao ya pili ya 1971, The Polite Force, nimeipenda mno, hasa wimbo wa kwanza wanaosimulia maisha yao kule kisiwa cha Wight, kinanda kinakoroma hadi unaapa ni gitaa. Sasa nikifika upande wa pili wa sahani, wimbo Long Piece No. 3, vipande vinne dakika kama 20 mfululizo, nahesabu mapigo manne inakataa, nahesabu matatu inakataa, mguu haupati pa kukanyaga. Wenzangu mnaingilia wapi?

nzuguni_stereo
Mkuu acha kuhesabu nne, hawa hata singo yao ya 1969 ilikuwa inasifia mdundo wa mapigo saba waziwazi. Wewe shika besi ya Mont Campbell, nyimbo nyingi katunga yeye, mstari wa besi ukirudi ulipoanzia ujue mzunguko umekamilika, idadi ya mapigo achana nayo. Ukishazoea ndio umsikilize Dave Stewart juu kwenye kinanda. Na hilo la gitaa, mwanzo walikuwa wanne wanaitwa Uriel, gitaa anapiga Steve Hillage, akaondoka 1968 kwenda chuo wakabaki hivyohivyo. Mimi naona ndio bahati yao, kinanda kililazimika kubeba kila kitu.

mtoto_wa_chamwino
Kaka mbona sisi huku tumezaliwa na hii kitu. Mama zetu Wagogo wakiwa kwenye ngoma ya muheme, ngoma wamebana mapajani, kila mmoja na pigo lake na yanapishana, umeshawahi kuona anayehesabu pale? Unashika ngoma moja mwili unafuata. Egg naisikiliza hivyohivyo namshika Clive Brooks kwenye dramu, basi. Halafu wanaosema roki ya progresivu kama hii ya Egg haituhusu wakumbuke Peter Gabriel aliyekuwa bendi ya Genesis ndiye mwenye lebo ya Real World iliyotoa kazi za mzee wetu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo.

areaC_vinyl
Upande wa pili ni mtamu sikatai, ila wimbo Boilk wa upande wa kwanza mimi hapana, dakika tisa za makelele yaliyokatwakatwa, pale kwenye wimbo kabla yake, Contrasong, tarumbeta na saksofoni zimeshakupandisha halafu unatupwa chini. Naruka kila siku.

nzuguni_stereo
Usiruke bwana, mle ndani kuna korali ya Bach, yaani wimbo wa kanisani, Durch Adams Fall. Kinanda_dom hii ni ya kwako kabisa mtu wa kanisani, vaa hedifoni usikilize inavyotokeza kwenye makelele.

kinanda_dom
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu besi kipande cha kwanza na kweli imekaa, mguu umetulia wenyewe bila kuhesabu. Cha tatu bado kinanipiga chenga. Korali nimeisikia, nimerudia nikiwa na kinanda mbele yangu natafuta noti, mkono wa kushoto sijaupata. Ile ya 1974 waliyorudi kuirekodi baada ya kuvunjika, The Civil Surface, mdundo ni wa namna hiihii?

nzuguni_stereo
Ndio mkuu, na huko Hillage kaja kupiga gitaa kidogo. Ila maliza hii kwanza.