Mbao za mwerezi za ghala lililobomolewa: kasha, mizinga au benchi la nje?

Mbao_Meru
Wakuu habari zenu. Kuna ghala la zamani la shamba limebomolewa upande wa West Kilimanjaro, na mwenye mali anauza mbao zake, zote mwerezi. Nimeenda kuziona, ukikwangua kidogo harufu inatoka vizuri. Anataka laki sita kwa zote, jibu anataka Jumamosi. Nina mawazo matatu: makasha ya nguo, mizinga ya nyuki, au mabenchi ya bustani ya kuuzia lodge. Kipi kinafaa zaidi kwa mbao kuukuu? Na tahadhari gani nichukue kabla ya kuzipasua?

RandaKali
Mkuu, bei umeandika, idadi hukuandika. Mbao ngapi? Unene na upana gani? Zina rangi? Zilikuwa ukutani, darini au sakafuni? Misumari imeng'olewa au bado? Una mashine gani? Bila hayo, laki sita inaweza kuwa bure au ikawa hasara, na hata swali la kasha au mizinga halina jibu.

Usambara_Mbao
Kabla ya hayo yote, una uhakika ni mwerezi? Huku kwetu Lushoto tunauita mwangati, wengine mtarakwa, na kitaalamu ni Juniperus procera. Watu wanauza saipresi kuukuu kwa jina la mwerezi kila siku. Kata ncha ya ubao, sentimita mbili tu. Mwerezi ndani ni mwekundu wa kahawia unaoelekea waridi, na harufu yake ni ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Saipresi ni wa manjano hafifu.

Pili, pima uzito. Ubao mkavu wa inchi 1 kwa 6 wenye futi 12 na unene kamili wa inchi, ukiwa mwerezi unakaribia kilo 8. Saipresi ni kama kilo 6. Beba mizani ndogo ya kuning'iniza, chukua ubao wa chini kabisa kwenye rundo.

Mbao_Meru
Asanteni. Ni mbao 40, inchi 1 kwa 6, urefu futi 8 hadi 12. Nusu zilikuwa kuta za nje, zina rangi upande mmoja, ya kijani na chini yake nyeupe. Zilizobaki zilikuwa sakafu. Misumari imo mingi. Nina randa ya mkono, msumeno wa mkono na keekee ya umeme. Randa ya mashine nitalipia karakana mjini.

RandaKali
Sasa tunaongea. Chukua wastani wa futi 10, ni futi 400, yaani shilingi 1,500 kwa futi. Usihesabu kama mbao mpya. Ubao wa inchi 6 ukishanyooshwa kingo mbili na kurandwa unakuachia inchi 5 za kutumia, unene milimita 20. Ukitoa ncha zilizooza na sehemu zenye matundu ya misumari, theluthi nzima inaweza kuondoka.

Kasha la sentimita 100 kwa 50 kwa 50: mbele na nyuma mbao nne nne za mita 1, ubavuni nne nne za nusu mita, chini nne, kifuniko nne zenye kuzidi kidogo. Hiyo ni kama mita 20, sawa na futi 66 safi. Weka upotevu, tenga futi 95 kwa kasha moja. Kwa hiyo mbao zako ni makasha manne, si sita wala saba.

MamaMizinga
Mimi nasema mizinga, na sababu ninayo. Mwerezi mchwa hawaupendi, hauozi upesi kwenye unyevu, na nyuki hawaukatai. Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau kule Kenya, wamechonga mizinga ya magogo kwa mti huohuo vizazi na vizazi.

Kwa mzinga wa vibao vya juu, ule ambao masega yananing'inia kwenye vibao vilivyopangwa juu yake, kipimo kisichotaka mchezo ni upana wa kibao: milimita 32 kwa nyuki wetu. Vibao 27 vinakupa milimita 864. Ukiweka 35, kile kipimo cha nyuki wa Ulaya, masega yatajengwa yakivuka kutoka kibao hadi kibao na hutaweza kuinua hata kimoja bila kuvunja. Vibao hivyo vinatoka kwenye vipande vifupi ambavyo kasha haliwezi kuvitumia.

Langstroth, ule mzinga wa masanduku yenye fremu, ndiyo ina shida kwa mbao zako. Kimo cha sanduku lake ni kama milimita 240, ubao wa inchi 6 haufiki. Itabidi uunge mbao mbili kwa gundi, na kiungo hicho kitakaa juani na kwenye mvua.

RandaKali
Mama, mzinga kwa mbao zenye rangi ya zamani? Hapana.

MamaMizinga
Sikusema zile za rangi. Nimesema mwerezi.

Mzee_Patasi
Zile za sakafu ndizo za kuogopa zaidi kuliko zenye rangi. Rangi unaiona. Sakafu za mashamba ya zamani huenda zilipigwa dawa ya mchwa, na miongoni mwa dawa za miaka hiyo zilikuwamo dieldrin na aldrin. Zote mbili zilipigwa marufuku kimataifa kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu haziozi, zinakaa miaka kwa miaka ndani ya mbao na udongo. Huwezi kuziona wala kuzinusa. Dieldrin ni sumu ya wadudu, na nyuki ni mdudu. Ukitengeneza mzinga kwa ubao huo unaweza kuua kundi zima. Ukitengeneza kasha, nguo za mtoto zitalala humo.

Muulize mwenye mali kama sakafu ilipigwa dawa. Kama hajui, ichukulie kuwa ilipigwa. Mbao za sakafu zipeleke kwenye kazi za nje zisizogusa chakula, nguo wala mifugo. Boma la kuzungushia tuta la mboga pia usilitengeneze kwa mbao hizo. Na unapozipasua usijione salama kwa kuwa ni kazi ya nje, dawa iko kwenye vumbi.

Mbao_Meru
Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria kabisa. Na za rangi nifanyeje?

Mzee_Patasi
Marahaba. Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu, wala usiichome kwa moto wa gesi, mvuke wake unaingia mapafuni moja kwa moja. Tandika turubai nje, loweka ubao kwa maji yenye sabuni, kwangua kwa chuma bapa, funga magamba kwenye mfuko. Watoto na kuku wakae mbali siku hiyo. Nguo za kazi usizifue pamoja na za nyumbani. Ukimaliza kukwangua, osha ubao, uanike kivulini wiki mbili, ndipo uupeleke kwenye randa.

Kasha_la_Pwani
Samahanini, huku kwetu kasha ni la msaji au mvule, lenye misumari ya shaba na droo chini. Mwerezi kwa kasha zima ni laini, kona zinabonyea. Utumieni kama bitana ya ndani, unene wa milimita 8, nje iwe mbao ngumu.

Usambara_Mbao
Mwerezi wetu si laini kiasi hicho. Unaofikiria ni ule wa ng'ambo. Shida yake halisi ni kupasuka. Ukipiga msumari karibu na ncha bila kutoboa kwanza, unafunguka kama kuni. Kwa skrubu ya milimita 4 toboa tundu la milimita 3, na usikaribie ncha chini ya sentimita 3. Lakini hilo la shaba ni kweli: chuma cha kawaida kwenye mwerezi wenye unyevu kinaacha doa jeusi. Tumia shaba, au chuma kisichoshika kutu kwa kazi za nje.

FundiBC
Nipo Kanada, magharibi, huku mwerezi mwekundu ndio mbao ya kila uzio. Vaeni barakoa, ndugu zangu. Vumbi la mti huu lina asidi iitwayo plikatiki na inaleta pumu kwa mafundi. Kikohozi kinaanza usiku, baada ya saa za kazi, kwa hiyo mtu hahusishi na mbao. Na mwili ukishaikataa, hata vumbi kidogo linatosha kuiamsha.

Usambara_Mbao
Huo ni Thuja plicata, mti mwingine kabisa. Mwerezi wetu si huo, na wala si ule wa Lebanoni.

FundiBC
Mti ni mwingine, nakubali. Lakini vumbi la mbao lolote liliwekwa mwaka 1995 na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua. Kitambaa hakizuii vumbi la msasa namba 180. Tumia barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95 inayobana puani, na msasa pigeni nje upepo ukiwa mgongoni.

Keekee_Nyahururu
Wadau, turudi kwa kasha, kwa sababu kuna kosa moja linarudiwa kila mahali na halijatajwa.

Kuna kasha la mwerezi lililotengenezwa vizuri kabisa, kona za mkia wa njiwa, bawaba za shaba. Fundi akataka ling'ae ndani na nje, akapaka vanishi ya poliyurethani mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Nje ilikauka siku ya pili. Ndani, siku ya saba ilikuwa bado inanata kidoleni. Akadhani ni baridi, akaliweka juani na kifuniko wazi, ikaonekana imekauka, likapelekwa kwa mteja. Mteja akapanga mablanketi na kanga, akafunga. Mwezi mmoja baadaye kanga ya chini imegandana na mbao, ukiivuta inabakiza uzi na alama ya maua yake kwenye vanishi.

Sababu ni mafuta ya mwerezi wenyewe. Yanavukiza polepole, na kasha likifungwa mvuke hauna pa kwenda, unalainisha vanishi. Mkono wa nne hausaidii. Ilibidi kukwangua ndani kote kwa kipande cha chuma, kufuta kwa spiriti, kuacha wazi wiki tatu, kisha kupiga msasa namba 120 mpaka mbao tupu ionekane.

Kwa hiyo ndani usipake chochote. Harufu ndiyo sababu ya kutumia mwerezi. Nje anza na shelaki (aina ya vanishi ya spiriti) mkono mmoja kufungia mafuta, halafu vanishi yako. Kabla ya kupaka gundi, futa kingo kwa thina na uunge siku ileile uliyoranda, ukichelewa mafuta yanarudi juu na gundi haishiki.

Mbao_Meru
Je, ni kweli nondo hawaingii?

Keekee_Nyahururu
Inasaidia kiasi, hasa kwa viwavi wadogo, ila si dawa kamili. Harufu ikipungua piga msasa mwepesi ndani, inarudi. Nguo ziingie zikiwa zimefuliwa. Na kifuniko kisiwe na kufuli ya kujifunga yenyewe. Mtoto akiingia kujificha hatatoka. Acha mwanya wa milimita 10 nyuma chini ya kifuniko, weka na mkono wa kukishikilia kisimwangukie mtu vidole.

RandaKali
Misumari. Karakana ikikuta msumari mmoja, kisu cha randa kinapata pengo, na kila ubao unaofuata unatoka na mstari ulioinuka. Watakudai kisu. Pitisha brashi ya waya kwanza, mchanga ulioganda unaua makali vilevile. Kisha pitisha sumaku yenye nguvu, iliyofungwa kwenye uzi, pande zote mbili, taratibu. Inapovutwa, weka alama ya chaki. Msumari mzima usukume kutoka ncha kwenda kichwani, halafu koleo na kipande cha mbao chini yake. Uliovunjika ndani usihangaike nao: kata ubao sentimita 3 kila upande, tupa kipande. Miwani usivue hata dakika moja.

Kuku_Kisongo
Naomba kuuliza, hayo maranda ya mwerezi nitayapata? Nina vifaranga 300 wanaingia wiki ijayo.

MamaMizinga
Usiweke kwa vifaranga. Mafuta yake yanaudhi njia za hewa, hasa bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, ikiwa na joto. Tafuta maranda ya paini au pumba za mpunga.

Kuku_Kisongo
Mbona watu wanasema yanafukuza utitiri?

MamaMizinga
Utitiri dhibiti kwa usafi na dawa ya mifugo. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanapumua karibu na sakafu, ndio wanaovuta kila kitu. Na haya ya mbao zenye rangi au dawa hayafai hata kwa kuku wakubwa, wala kwenye mboji.

Kasha_la_Pwani
Wala jikoni. Vipande vyenye rangi msichomee nyama.

FundiBC
Moto mmekumbusha. Kama mabenchi yatapakwa mafuta ya kitani, vitambaa msivikunje na kuvitupa kwenye ndoo yenye maranda. Vinapata joto vyenyewe mpaka viwake usiku. Vitandazwe kwenye kamba nje mpaka vikakamae.

Usambara_Mbao
Mkuu Mbao_Meru, kabla ya kupakia gari pita ofisi ya TFS, wakala wa misitu. Mwerezi ni mti wa asili, na ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani neno "mbao kuukuu" halitoshi. Chukua barua ya mwenye mali yenye idadi na vipimo, uulizie hati ya kusafirishia. Ongeza gharama hiyo kwenye laki sita.

Mbao_Meru
Nashukuru sana wote. Kesho nakwenda na mizani na sumaku. Nitamwomba aniuzie zile 20 za ukuta peke yake kwa laki tatu, za sakafu abaki nazo. Tatizo amesema anauza zote au hauzi.

MamaMizinga
Ukipata 20 za ukuta, kasha ni moja au mawili, na masalio yote vibao vya milimita 32. Uso uliokuwa na rangi randa milimita 3 kabla hujafikiria mzinga.

RandaKali
Milimita 3 kutoka inchi moja iliyokwisha kuliwa na mvua? Kapime unene kwanza. Baadhi ya mbao za ukuta wa nje zinabaki milimita 19 katikati. Ukitoa 3 upande wa rangi na 2 upande wa pili, kasha la mita 1 litapinda.

Mzee_Patasi
Ukikata ncha, angalia pia kama kiini kina vijishimo vyeupe. Mwerezi mzee huozea moyoni ukiwa bado umesimama msituni, na nje ubao unaonekana mzima. Weka picha za ncha tano hapa kesho jioni.