Naomba ushauri: ninunue gari la petroli au niingie kwenye umeme?

Wakuu, salaam. Gari langu limechoka na nataka kulibadilisha, ila hizi amri za serikali zinanichanganya. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kwamba kuanzia 2035 magari mapya yasitoe kabisa hewa ukaa, na tayari wanavutana kuilegeza. Uingereza ilisema itapiga marufuku uuzaji wa magari mapya ya petroli na dizeli 2030, ikasogeza hadi 2035, kisha ikarudi 2030. Mtu apange vipi?

Shemeji yangu anashikilia kwamba bila kulazimishwa, viwanda havitabadilika. Mimi namtajia Norway: hawakupiga marufuku, waliwasamehe kodi wanunuzi wa magari ya umeme, na mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme. Ananijibu kuwa hata kodi ni kulazimisha kwa upole. (Hapo alinibana, nakiri.)

Najua marufuku nyingi zinagusa magari mapya tu, la zamani utaendelea nalo. Hofu yangu nikinunua la petroli ni siku ya kuliuza: nani atalitaka? Halafu naishi ghorofani, sina pa kuchajia usiku.

Wenye magari ya umeme, betri ikifikisha miaka minane inakuwaje? Na mnaoishi ghorofani mnachajia wapi?