Shoki za nyuma za boda: kukaza, kukarabati au kununua za gesi?

boda_nyamasaria: Wadau, pikipiki inarukaruka kwenye matuta, abiria wanalia mgongo. Duka moja Kibuye hapa Kisumu wananiuzia shoki za gesi, zile zenye kichupa cha gesi pembeni, elfu sita jozi. Fundi wangu anasema atakarabati hizi nilizo nazo. Nataka kulipa kesho. Nichukue gani?

dume_la_maseno: Pikipiki gani? Ina umri gani? Unabeba nini? Umeuliza bei ya ng'ombe ukaficha ng'ombe.

boda_nyamasaria: TVS HLX. Nabeba watu, siku za soko magunia. Pete za kukazia springi za shoki nimezikaza hadi mwisho.

fundi_kondele: Basi hapo ndipo penye shida, omera. Kukaza pete hakubadilishi ugumu wa springi, kunainua tu kiti. Ukipanda peke yako shoki haishuki hata kidogo, kwa hiyo gurudumu likikuta shimo halifuati, linaning'inia. Rudisha ngazi ya pili, kushoto na kulia sawa. Siku ya gunia pandisha. Na upepo wa tairi umepima?

dume_la_maseno: Nunua za gesi umalize. Zikipata joto mafuta hayatoi povu.

fundi_kondele: Kama ni gesi kweli. Nimefungua vichupa vya bei hiyo, ndani patupu, pambo tu. Na wa kukarabati muulize vizuri: shoki nyingi za kiwandani hazifunguki, huwa anakata na kuchomelea. Kandamiza kiti kwa nguvu uachie. Kikipanda mara moja tu kikatulia, shoki ni nzima. Kikicheza juu chini, imekufa.

mzee_wa_luanda: Msisahau mbele. Fundi mmoja wa kando ya barabara alinitilia oili ya injini kwenye shoki za mbele, anapima kwa jicho na chupa ya soda. Mguu mmoja wa shoki ukapata nyingi kuliko mwingine. Nikatoka Luanda kwenda Kisumu na mama mmoja, kuku wake wamefungwa kwenye keria. Kila tuta lilinipiga mabegani. Karibu na Kisian sili ya kulia, ule mpira unaozuia oili, ikaachia, oili ikaloa suruali yangu na kushuka hadi kwenye diski ya breki. Nashika breki, hakuna kitu! Nilisimama kwenye kichaka. Mama akashuka, akahesabu kuku wake, akanilipa nusu.

dume_la_maseno: Nusu ya nini? Umemwacha Kisian!

achieng_k: Na sheria ni abiria mmoja tu. Kuku mliwahesabu vipi?

mzee_wa_luanda: Mizigo.

boda_nyamasaria: Nimeshusha hadi ya pili, nimezunguka Mamboleo na kurudi. Nikiwa peke yangu afadhali. Na abiria bado inagonga.

fundi_kondele: Inagonga chuma au inagonga kiti? Tingisha gurudumu la nyuma kushoto na kulia, bushi za mkono unaoshika gurudumu zikiisha huchezacheza. Tuma picha.

achieng_k: Mimi ni abiria kila siku. Nyingi ni sponji ya kiti imeisha, unakalia bati. Kuna mshonaji Kibuye anaweka mpya.

boda_nyamasaria: Huyo mshonaji ni upande gani? Anachukua pesa ngapi?

fundi_kondele: Picha ya bushi, kaka.