Tupeane uzoefu: nywele kunyonyoka baada ya kupungua uzito haraka

Mfungua Uzi

Wakuu, salaam. Swali hili linarudi kila mara: mtu amepungua kilo 15 au 20 ndani ya miezi michache, kila mtu anamsifia, halafu siku moja anaosha kichwa na kukuta fundo la nywele limeziba tundu la maji bafuni. Anashikwa na hofu. Kesho yake anabadili shampuu, ananunua mafuta matatu na chupa ya vidonge. Naomba uzi huu ubebe vipimo, hesabu na hatua kutoka kwa wanaolijua jambo hili kwa kazi zao. Masimulizi ya nani alinyonyoka lini tuyaweke pembeni kwa leo, maana anayesoma hapa usiku wa manane anataka kujua afanye nini asubuhi.

Nianze na kalenda, kwa sababu wengi hukosea hapo. Unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, kama sentimita 1 kwa mwezi. Kisha husimama kwa wiki 2 au 3, halafu hupumzika kama miezi 3 kabla ya kuanguka. Kwenye kichwa kisicho na tatizo, takriban 85 hadi 90% ya nywele ziko kwenye kukua. Chakula kikipungua ghafla, mwili hupeleka nguvu kwenye moyo, ubongo na ini. Mwili unaweza kuishi bila nywele, kwa hiyo nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo. Hali hii madaktari huiita telojeni efluviamu.

Maana yake ni kwamba nywele unayoiona mkononi leo ilikwisha kuachiliwa miezi 2 hadi 4 iliyopita. Shampuu uliyoanza juzi haina kosa. Chukua kalenda, rudi nyuma miezi hiyo, uandike kilichotokea: mlo mkali, upasuaji wa kupunguza tumbo, dozi ya sindano ya kupunguza uzito iliyopandishwa, homa kali, kujifungua, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango. Mara nyingi jibu linakaa kwenye mstari mmoja.

Mtazama Mizizi

Niongezee hapo hapo. Kabla ya kutibu, hakikisha nywele zinanyonyoka kweli, kwa sababu kukatika ni tatizo jingine.

Okota nywele 10 zilizoanguka zenyewe, uzilaze juu ya kitambaa cheusi penye mwanga. Angalia ncha ya upande wa ngozi. Ukiona kijidoti cheupe kigumu, kidogo kuliko kichwa cha pini, unywele huo umetoka na mzizi wake baada ya kupumzika. Wengi hukiona wakapiga kelele kwamba mzizi umekufa. Sivyo: tundu ulikotoka lipo hai na litaotesha mwingine. Usipoona kijidoti, na vipande viwe vya urefu tofauti, basi nywele zinakatika, na lawama iende kwenye moto, dawa ya kulainisha au kichana.

Jaribio la pili: shika fungu la nywele kama 50 kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata, karibu kabisa na ngozi, uvute polepole hadi nchani bila kukwanyua. Rudia utosini, kisogoni na pembeni zote mbili. Zikibaki mkononi 1 au 2, hakuna neno. Zikibaki 6 au zaidi karibu kila unaposhika, upukutikaji bado umepamba moto.

Na tafadhali, msihesabu nywele za siku ya kuosha kama za siku moja. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyesuka kwa wiki 6 atafumua na kukuta kati ya 2,100 na 4,200 zilizokuwa zimenaswa ndani ya misuko. Rundo hilo linatisha, lakini ni hesabu ya siku 42.

Lishe Kwanza

Hapa kwenye chakula niruhusuni nikae, kwa sababu ndipo tatizo lilipozaliwa.

Unywele umejengwa kwa protini, na anayepungua haraka karibu kila mara anakula protini kidogo kuliko anavyodhani. Hesabu yake: chukua uzito unaolengwa (ule wenye afya kwa urefu wako, siyo wa leo), zidisha kwa gramu 1.2. Anayelenga kilo 65 anahitaji kama gramu 78 kwa siku. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa kawaida huambiwa gramu 60 hadi 80, na wengine zaidi kadiri timu yao inavyoona. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze kabla ya kuongea na daktari wake.

Sasa zipimeni sahani zenu. Yai moja lina gramu 6 tu. Maziwa mililita 250, gramu 8. Kuku asiye na ngozi, gramu 100 zilizopikwa, ni kama gramu 30. Samaki kiasi hicho hicho, 20 hadi 25. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama 15. Anayesema "mimi nakula mayai kila siku", ukiuliza ni mayai mawili asubuhi, saladi mchana, tunda jioni. Hajafika hata 20.

Kinachokwamisha wengi ni kukosa hamu, hasa wanaotumia sindano za kupunguza uzito. Mtu anaanza na mboga au supu, tumbo linajaa, nyama inabaki sahanini. Geuza mpangilio: protini iingie mdomoni kwanza, mboga zifuate, wanga mwisho. Gawa mara 4 badala ya 2. Usinywe maji mengi dakika chache kabla ya kula. Siku ambayo kutafuna hakuwezekani, kunywa maziwa, mtindi au unga wa protini uliokorogwa, gramu 20 hadi 25 kwa kikombe.

Halafu mwendo wenyewe. Nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki ndiyo kasi ninayoitetea. Mlo wa chini ya kalori 800 kwa siku ni jambo la kusimamiwa na daktari, siyo la kujipangia. Na kula protini ya kutosha huku kalori zikiwa chini mno hakutoshi, kwa sababu mwili utaichoma protini hiyo kama kuni.

Swali kutoka kwa msomaji

Anayetumia sindano aziache ili nywele zirudi? Kuna watu wanasema dawa yenyewe inaua mizizi.

Mfamasia Mwenzenu

Asiache kwa uamuzi wake. Kwenye majaribio ya Wegovy, mojawapo ya sindano hizo, kwa watu wazima, waliopata kunyonyoka nywele walikuwa takriban 3%, na kwenye kundi la kulinganisha, lililopewa sindano isiyo na dawa ndani, 1%. Yaani lipo, lakini si la wengi, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kasi ya kupungua na uchache wa chakula, si sumu kwenye mizizi. Cha kufanya ni kumwambia aliyekuandikia: "Nanyonyoka, na siku nyingi sifikii protini yangu." Anaweza kukubakiza kwenye dozi uliyopo badala ya kuipandisha mwezi huu. Kwa anayetibiwa kisukari, kukatiza ghafla kunaleta madhara makubwa kuliko nywele.

Sasa vidonge vya "nywele na kucha", maana hapa watu wanaumia. Bayotini inayotosha mtu mzima ni mikrogramu 30 kwa siku, na chupa nyingi zina 5,000 hadi 10,000. Usipokuwa na upungufu wake, hakuna ushahidi wa maana kwamba inasaidia. Kinachoniudhi zaidi ni vitamini A na seleniamu: zikizidi, zenyewe hunyonyoa nywele. Anayemeza multivitamini, kidonge cha nywele na unga wa protini ulioongezewa vitamini anaweza kuvuka kiwango bila kujua. Panga chupa zote mezani, soma migongo yake, ujumlishe. Vitamini A ya aina ya retinoli isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku, seleniamu isizidi 400. Mjamzito asiguse vitamini A ya nyongeza bila ushauri.

Zinki nayo ina mtego. Mahitaji ni miligramu 8 kwa mwanamke, 11 kwa mwanaume, na kikomo ni 40. Ukimeza 50 kila siku kwa miezi, inazuia madini ya shaba kufyonzwa, na upungufu wa shaba unaleta anemia na ganzi miguuni. Aliyepitia upasuaji wa tumbo asinunue zinki peke yake. Atumie multivitamini aliyoandikiwa, yenye shaba ndani.

Wa Maabara

Ombeni vipimo hivi: picha kamili ya damu, feritini, TSH (homoni inayoonyesha kama tezi ya shingo inafanya kazi sawasawa), vitamini D, B12, na zinki kama ulifanyiwa upasuaji au unakula kidogo sana.

Feritini ndiyo inayopotosha. Ni akiba ya madini ya chuma. Karatasi ya majibu inaweza kusema 16 ni kawaida, kwa sababu kiwango cha chini cha maabara nyingi ni kati ya 10 na 15. Madaktari wengi wa ngozi wanataka 40 na kuendelea kwa mtu anayenyonyoka. Kwa hiyo usiridhike na neno "kawaida", uliza namba. Tena feritini hupanda mwilini mkiwa na uvimbe au maambukizi, basi usipime wiki ya mafua makali.

Na wenye bayotini, nisikilizeni: dozi kubwa huvuruga mashine nyingi za vipimo. TSH inaweza kutoka chini na homoni za tezi juu, ukaonekana una ugonjwa usio nao. Hata kipimo cha troponini, kinachotafuta mshtuko wa moyo, kinaweza kudanganywa. Acheni bayotini angalau siku 3 kabla ya kutoa damu, na mwambieni anayewachoma.

Chuma kikionekana pungufu: kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takriban 65 za chuma chenyewe. Kimoja kwa siku, au siku moja ndiyo moja hapana kama tumbo linasumbua. Kwa wengi hufyonzwa vizuri hata hivyo. Meza na kitu chenye vitamini C. Chai na kahawa ziwe mbali, saa 1 kabla na 2 baada. Kalsiamu saa 2 mbali. Dawa ya tezi ya levothairoksini saa 4 mbali. Pima tena baada ya miezi 3. Vifungie mbali na watoto, vidonge vya chuma vikimezwa vingi vinaua.

Msusi wa Siku Nyingi

Kwa upande wa mikono: kuosha hakunyonyoi. Unywele uliokwisha achiliwa utaanguka tu, leo bafuni au kesho kwenye mto. Wanaoacha kuosha wiki 3 kwa hofu wanapata mba, kuwasha na mafundo, na mafundo ndiyo yanayokata nywele nzima.

Osha kwa ratiba yako ya kawaida, paka kondishena ya kutosha, chambua kwa vidole kwanza, kisha kichana cha meno mapana kutoka nchani kupanda juu. Ondoa misuko mizito, wigi la gundi na mkia uliobanwa. Ukifunga nywele na ngozi ya paji ikavutika, au ukahitaji dawa ya maumivu usiku huo, fungua. Mvuto huo ukirudiwa huua matundu ya pembeni mwa uso moja kwa moja, na hizo hazirudi kama zile za kupungua uzito. Dawa ya kulainisha na rangi kali ziahirisheni mpaka upukutikaji utulie.

Kukata kidogo husaidia macho: nywele zilizopungua huonekana nyingi zaidi zikiwa fupi na za urefu mmoja.

Mfamasia Mwenzenu

Wameniuliza pembeni kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka kichwani ili kuotesha nywele. Kwa hali hii pekee mara nyingi haihitajiki, kwa kuwa nywele zinarudi zenyewe. Ina nafasi pale ambapo chini ya upukutikaji kulikuwa na upara wa kurithi uliofichika: njia ya katikati inapanuka mwezi hadi mwezi, au utosi unaonekana. Wiki 2 hadi 8 za mwanzo hunyonyoa zaidi, na wengi huacha hapo hapo. Ukiacha baada ya kufaidika, kilichopatikana huanguka ndani ya miezi michache. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Mwenye paka awe makini sana: tone lililobaki kwenye mto au mkononi linaweza kumuua.

Mtazama Mizizi

Ya kwenda hospitali bila kusubiri: viduara vitupu, nyusi kuondoka, ngozi ya kichwa kuuma, kutoa magamba au usaha, au upukutikaji unaopita miezi 6 tangu uanze. Na kwa waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, kutapika kwa siku kadhaa pamoja na kuona viwili au kuyumba ukitembea ni dharura ya leo, kwa sababu vitamini B1 inaweza kuwa imekwisha mwilini.

Swali kutoka kwa msomaji

Nitajuaje kama zinarudi? Kwenye kioo sioni tofauti.

Mfungua Uzi

Kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha. Piga picha mara moja kwa mwezi: siku ile ile baada ya kuosha na kukausha, dirisha lile lile, taa zimezimwa, njia ikiwa imegawanywa katikati, simu sentimita 30 juu ya utosi. Piga na ya paji. Upukutikaji hupungua kwanza, kwa kawaida ndani ya miezi 3 hadi 6. Kisha kwenye mstari wa paji utaona nywele fupi zilizosimama, zenye ncha nyembamba zilizochongoka. Nywele iliyokatika ncha yake ni butu, hivyo hutazichanganya. Kwa sentimita 1 kwa mwezi, anayetaka urefu wa sentimita 15 ahesabu miezi kama 15, na mwenye nywele za kujikunja azivute kidogo anapopima, maana zikijikunja zinaficha nusu ya urefu.