Nigeria: fedha za halmashauri zimkwepe gavana, au tumekosea ugonjwa?

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Hili la Nigeria nalifuatilia tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 11 Julai 2024, na kila nikiligusa kijiweni tunaishia kubishana. Nalileta hapa.

Nchi ina majimbo 36 na eneo la Abuja, na chini yake halmashauri 774. Kila mwezi makamishna wa fedha wa majimbo hukutana na watu wa hazina kugawana mapato. Katika fungu kuu, serikali ya shirikisho inachukua asilimia 52.68, majimbo 26.72, halmashauri 20.60. Hiyo 20.60 ndiyo yenye kesi. Katiba ya 1999, kifungu cha 162(6), inataka iingie akaunti ya pamoja inayotunzwa na jimbo. Ikishaingia humo, mishahara ya walimu wa msingi inakatwa, pensheni zinakatwa, na kinachobaki anaamua gavana. Mwenyekiti anayetaka kuzibua mtaro wa soko anakwenda kuomba fedha ambayo kwenye karatasi ni yake. Kwingine hata mwenyekiti hakuna: gavana anavunja baraza, anateua kamati ya muda, mwaka unakatika.

Mahakama ya Juu ikasema fedha ziende moja kwa moja, na kamati za kuteuliwa zinavunja katiba. Aliyewashtaki magavana wote 36 ni mwanasheria mkuu wa shirikisho, Lateef Fagbemi. Watu walishangilia, mimi sikushangilia sana. Uchaguzi wa halmashauri unasimamiwa na tume ya jimbo, na wajumbe wake wanateuliwa na gavana. Hata akaunti ikibadilika, mtu ni yule yule. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaikataa dawa kwa sababu haitibu kila kitu. Zamani ukimuuliza mwenyekiti kuhusu barabara, jibu lilikuwa moja: gavana hajatoa. Fedha zikiingia kwake, hana tena pa kujifichia. Na magavana wenyewe wameonyesha inawauma. Oktoba 2024 Anambra ilitunga sheria inayozitaka halmashauri zirudishe sehemu ya mgao kwa jimbo. Hukumu isiyo na meno wangehangaika nayo?

Mtoa mada: Anambra umenisaidia mimi. Mwenyekiti aliyewekwa na wananchi angegoma kurudisha hata senti. Tazama Kano, Oktoba hiyo hiyo: chama cha gavana, wakati ule NNPP, kilizoa viti vyote 44 vya uenyekiti. Lagos, Julai 2025, chama cha gavana wa huko, APC, kikazoa vyote 57. Vyama viwili tofauti, kaskazini na kusini, na wote wamefagia. Hata Simba na Yanga katika ubora wao hudondosha pointi.

Mchangiaji wa pili: Hapo kwenye 57 ngoja kwanza. Katiba inazitaja halmashauri 20 za Lagos. Hizo 37 nyingine zilianzishwa 2003 na gavana wa wakati ule, Bola Tinubu. Mwaka uliofuata Rais Obasanjo akazuia fedha za halmashauri za Lagos, Tinubu akakimbilia Mahakama ya Juu, ikaamua kwamba rais hana mamlaka ya kuzuia. Leo Tinubu ndiye rais, na serikali yake ndiyo iliyowaburuza magavana mahakamani! Sisemi kakosea. Nauliza tu: katika shirikisho la kweli, orodha ya halmashauri inafanya nini ndani ya katiba ya nchi? Mwachieni gavana halmashauri zake, aunde anazotaka, azilipe kwa kodi zake.

Mchangiaji wa kwanza: Kwa kodi zake? Lagos sawa, ina bandari na makampuni. Majimbo mengi yanaishi kwa mgao wa Abuja, mwezi ukichelewa na mishahara inachelewa. Huko ukimwachia gavana kila kitu, fisi kakabidhiwa bucha.

Mchangiaji wa pili: Na Abuja ikichukua kila kitu, bucha linakuwa la nani?

Mtoa mada: Ndiyo maana mimi naanza na tume. Uchaguzi wa halmashauri uhamishiwe INEC, tume ya taifa, ambayo ndiyo inayosimamia uchaguzi wa magavana wenyewe. Najua ndugu yangu hapo juu atasema nampa Abuja nguvu nyingine, na hapo ana hoja. Lakini kwenye uchaguzi wa INEC gavana anaweza kuanguka. Zamfara, 2023, aliyekuwa madarakani aliangushwa. Nionyesheni tume ya jimbo iliyompokonya gavana nusu tu ya halmashauri zake, nitafuta uzi huu.