Naomba ushauri: shemeji anatuharibia ubashiri wa Futurama

Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Tuko watano tunaofuatilia Futurama, ile katuni ya Fry, kijana wa kupeleka piza aliyegandishwa mkesha wa mwaka 2000 akaja kuzinduka miaka 1,000 baadaye. Raha yetu ni kubashiri episodi ijayo. Anayekosea ananunua samaki, migebuka. (Mimi nimeshaliwa mara tatu kwa ajili ya Bender, roboti yule hatabiriki kabisa.)

Sasa shemeji ana bando la kumwaga. Anatazama usiku peke yake, kesho yake anakuja "kubashiri" mpaka sentensi atakayotamka Leela, yule dada wa jicho moja kwenye katuni! Nikilalamika anacheka tu, huku anachambua mwiba. Na tivii ni yake. Nimwambieje bila kuleta ugomvi nyumbani?