Tupeane uzoefu: kupanga nyumba ya kijijini Ufaransa ili kuangalia Tour de France

Shangazi_Lyon (mleta uzi): Wakuu, nimeona picha za Mont Ventoux, ule mlima wa Provence ambao mbio za baiskeli za Tour de France huupanda baadhi ya miaka, asubuhi hii, moyo ukaruka. Nataka tukae wiki nzima kwenye nyumba ya kijijini kule Provence, watoto pamoja na wifi yangu anayetoka Arusha, na mbio zitukute hukohuko. Mliowahi kufanya hivyo: mlikaa upande gani wa mlima, na wazee mliwapandishaje?

Mama_Wawili: Njia ya mbio za mwaka unaofuata hutangazwa Oktoba, Paris. Usiku uleule shika simu, tafuta nyumba. Halafu wenye nyumba wengi mwezi wa Julai wanapangisha Jumamosi hadi Jumamosi. Hatua (mbio za siku moja) unayoitaka ikiangukia Jumanne, umepata. Ikiangukia Jumamosi, utakuwa unafunga mabegi baiskeli zikipita.

Fundi_Gia: Nakazia hiyo ya Jumamosi.

Msafiri_Marseille: Nyumba ya nini? Beba hema, lala palepale mlimani. Waendeshaji wenyewe wanapita dakika chache tu.

Mama_Wawili: Na mtoto mchanga kwenye upepo wa Ventoux? Lala wewe.

Mkaazi_wa_Kikuyu: Uzi huu umenirudisha 2016. Baba alikuwa ametoka Kikuyu, Kenya, kututembelea. Miaka ile alizoea kumwona Chris Froome, kijana mwembamba, akipita na mwalimu wake David Kinjah na vijana wake wa baiskeli. Alitaka kumwona tena kabla hajazeeka zaidi.

Tulipata nyumba nje kidogo ya Bédoin, kijiji cha chini ya mlima, mizabibu mpaka mlangoni. Tarehe 14 Julai tulitoka kwa miguu alfajiri. Ukipita Saint-Estève, barabara inaingia msituni na kupanda bila kupumzika. Kilele kilikuwa kimeondolewa kwa sababu ya upepo, mwisho ukaletwa Chalet Reynard, kama kilomita 6 chini yake. Basi umati wote uliokuwa utawanyike mpaka juu ukabanana huku chini.

Mzee ana sukari. Msafara wa matangazo ulipokuwa unapita, ule wa kurusha kofia na peremende, nikaona mikono yake inatetemeka, jasho baridi, ananiita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha fariki. Mfuko wa chakula ulikuwa kwa mke wangu, ng'ambo ya barabara, na askari wamekataza mtu kuvuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja Mbelgiji, hatukuelewana hata neno, akamkalisha kwenye kiti chake cha kukunja akamnywesha soda kidogo kidogo. Watu wa huduma ya kwanza walifika kwa miguu wakampima, wakakaa naye. Macho yalipomrudia aliuliza: "Kijana amepita?"

Alikuwa bado. Alipopita na jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, mzee alisimama mwenyewe. Muda mfupi baadaye redio ya jirani ikasema pikipiki imekwama kwenye umati, mwendeshaji Richie Porte ameigonga, Froome ameangukia hapohapo, baiskeli imevunjika, na sasa anakimbia kwa miguu! Mzee alishika kichwa. Tulifika nyumbani usiku, tumemshika huku na huku.

Fundi_Gia: Pole sana kaka. Mzee hajambo?

Mkaazi_wa_Kikuyu: Hajambo kabisa. Kila Julai ananipigia kuuliza nani amevaa njano.

Nesi_Antwerp: Tafadhali wote: mwenye sukari abebe glukosi mfukoni MWAKE, isikae kwenye mfuko wa familia. Na asipande bila kula.

Msafiri_Marseille: Pole kwa mzee. Ila huyo "kijana wa Kikuyu" alichukua leseni ya mbio ya Uingereza 2008. Tusijidanganye.

Mkaazi_wa_Kikuyu: Amezaliwa Nairobi na 2006 aliiwakilisha Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Baiskeli ya milimani kajifunzia kwetu.

Kahawa_ya_Asmara: Mkitaka Mwafrika bila ubishi, Biniam Girmay wa Eritrea: Tour ya 2024 alishinda hatua tatu akaenda nyumbani na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Msafiri_Marseille: Huyo sina neno naye.

Shangazi_Lyon: Jamani, nyumba!

Dada_wa_Kigali: Mimi nasema tafuteni mbio za mzunguko, zinazorudia njia ileile. Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli ulipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, hapa Kigali, tulisimama kwenye barabara ya mawe ya kilima cha Kimihurura na bingwa Pogačar alitupitia mara nyingi mpaka watoto wakalijua jina lake. Mlimani unamwona mara moja.

Mama_Wawili: Kweli, lakini Provence una nyumba, una bwawa, una soko la kijiji. Dada Shangazi, kaa upande wa Sault, kijiji kingine cha mlima huohuo. Pametulia, na njia ya kupanda ni laini kuliko ya Bédoin.

Fundi_Gia: Hapana, kaa palepale mbio zinapopita, langoni kwako. Mzee anakaa kivulini na choo kipo.

Shangazi_Lyon: Hiyo ya langoni imenivuta kwa ajili ya wifi, magoti yanamsumbua. Lakini barabara ikiwa imefungwa kwa mbio, gari litatokaje akizidiwa?

Nesi_Antwerp: Muulize mwenye nyumba kama kuna njia ya nyuma inayotokea barabara nyingine. Kama haipo, gari liegeshe kijiji cha jirani tangu jana yake, upande ambao mbio hazipiti. Namba ya dharura ni 112, mfundishe na mtoto mkubwa. Mkate nunueni jioni ya kabla yake.